Perege akila watoto wake, ni kutojua kulea?

Wapo wafugaji wa samaki wanaoamini kwamba perege jike anayetaga mara ya kwanza humeza mayai yake kwa sababu hajui kulea, na kwamba uzao wa pili au wa tatu utamfundisha. Imani hiyo si ya kubeza, ila inachanganya mambo.

Mtazame Astatotilapia burtoni, samaki mdogo wa familia moja na perege katika Ziwa Tanganyika na mito inayolizunguka. Jike huatamia mayai na watoto mdomoni kwa takriban wiki mbili bila kula. Akishawatema watoto, wapo majike wanaowalinda na kuwarudisha mdomoni hatari ikitokea, na wapo wanaowala. Sioni sababu ya kumwita mlaji mjinga. Amefunga wiki mbili. Kama watoto ni wachache au dhaifu, kuwala kunamrudishia nguvu za kutaga tena. Tena, jike wa uzao wa tatu amezidi umri na mwili, na mdomo wake unabeba mayai mengi zaidi. Tunachokisifu kuwa uzoefu huenda ni ukubwa tu.

Hata hivyo, uzoefu hauwezi kufutwa, na Tanganyika hiyohiyo inatoa ushahidi mzito. Yupo Synodontis multipunctatus, wa jamii ya gogogo, anayewavamia samaki wanaoatamia mdomoni wakiwa katikati ya kutaga. Hula baadhi ya mayai yao na kuangusha yake, na mama huyaokota yote. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema, kisha huwala watoto wa mama huyo mlemle mdomoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science Advances ulikuta kwamba samaki wa nje ya Tanganyika, ambao ukoo wao haujawahi kuishi na mvamizi huyo, walidanganywa mara 3 hadi 11 zaidi ya samaki wa Tanganyika. Na si ukoo peke yake: samaki mmoja mmoja kujifunza nako kulionekana kuwa na uzito mkubwa.

Kwa hiyo naegemea hapa: uzoefu hunoa ulezi ambao ukoo umekwisha kuutoa. Mfugaji anayetaka kujua hali ya bwawa lake alinganishe majike wa umri na ukubwa mmoja, waliowahi kulea na wasiowahi. Na kabla ya kumtoa jike aliyekula uzao wake wa kwanza, aangalie kama alikuwa ameshiba kabla ya kutaga.