Sanduku la Kufuli Tatu Haliuzi Kahawa

Kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, mkulima aliyebanwa na ada ya shule humwuzia mlanguzi kahawa ingali ua. Bei ni ya kutupwa, na msimu ukifika mavuno si yake tena. Katika mjadala wa kipi kimfae mkulima huyu, kikundi cha akiba au ushirika mkubwa, wanaotetea vikundi vya kuweka na kukopa huanzia hapa, na wana hoja: anayeweza kukopa kikundini halazimiki kuuza kisichoiva.

Nguvu ya vikundi hivi ni uwazi. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Ukinunua hisa, muhuri unagongwa kitabuni mwako papo hapo. Hata asiyejua kusoma anajua ana kiasi gani.

Ila kikundi cha watu ishirini na tano hugawana akiba yote mzunguko unapoisha. Hakibaki na mtaji wa mashine ya kumenya kahawa wala wa kukodi lori hadi mjini Mbale, sembuse kutafuta mnunuzi wa ng'ambo. Kazi hiyo inataka ushirika mkubwa, kama Bugisu Cooperative Union ulioanzishwa mwaka 1954. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliingia na fedha taslimu, vyama vya ushirika vikakosa mtaji wa kuwalipa wakulima kwa wakati. Mwaka 1999 Benki ya Ushirika nayo ikafungwa.

Wapo wanaolilaumu soko huria peke yake. Mimi sikubali. Vyama vingi vilikuwa vimeshakuwa mali ya viongozi na wanasiasa. Mwanachama alipeleka kahawa, akapewa stakabadhi, mahesabu asiyaone. Ukubwa haukuwa kosa. Kosa ni kwamba vilivyokua viliacha kuhesabu fedha mbele ya wenyewe.

Sasa serikali ina mpango wa Parish Development Model, uliozinduliwa Februari 2022: shilingi milioni 100 za Uganda kwa mwaka kwa kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, zikikopeshwa kupitia Sacco, chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Mtaji huo unahitajika sana vijijini. Hofu yangu ni vikundi vinavyoundwa haraka ili kuupokea, kabla wanachama hawajaweka hata senti yao. Mkopo unaodhaniwa kuwa zawadi ya kampeni haurudi, na atakayekosa ni jirani aliyekuwa akingoja zamu yake.

Njia ya ushirika wa Bukonzo Joint kule Kasese, magharibi mwa Uganda, naiamini zaidi: ulianza na akiba na mikopo ya wanachama wenyewe, wengi wao wanawake, baadaye ukaingia kwenye kahawa. Uchelewaji wake ni gharama ya kweli, maana deni la ada halingoji. Lakini fedha zilizotangulia zilikuwa zao, na mtu hulinda chake.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili, watetezi wa vikundi na wa ushirika, hulipita haraka. Kwenye kikundi cha akiba anayehudhuria vikao mara nyingi ni mke. Kahawa ikiuzwa, malipo huenda kwa mume, kwa kuwa shamba na uanachama wa ushirika viko kwa jina lake. Mke anabaki na mkopo asio na cha kuulipia. Chama cha msingi cha ushirika kijijini kinaweza kuwasajili wote wawili na kumlipa kila mmoja mkononi, na hilo halihitaji kusubiri fedha za serikali.