Kulowesha Kahawa au Kujaza Silinda?

Wanaotengeneza espreso, ile kahawa nzito inayokamuliwa kwa maji moto yenye shinikizo, kwa mashine za wenzo (mkono wa kukandamizia) hawaishi kubishana kuhusu sekunde: kahawa iloweshwe kwa sekunde tano au kumi na tano kabla ya kukandamiza? Kwangu mimi, sekunde zinafuata nyuma. Kwanza tuulize maji yameingia kiasi gani.

Tangu Achille Gaggia wa Milan alipoleta wenzo na pistoni katika miaka ya 1940, silinda, yaani chumba kilicho juu ya kahawa ambamo pistoni hupanda na kushuka, ndiyo inayopima kikombe. Katika mashine za kukandamiza kwa mkono, ukiinua wenzo, pistoni hupanda ikafungua tundu, na maji ya boila (tangi la kuchemshia) huingia kwa shinikizo dogo, bari moja hivi katika mashine nyingi za nyumbani; bari moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka. Ila mle ndani mna hewa. Hewa hiyo hubanwa ikabaki karibu nusu ya ujazo wake, kisha hukaa mahali pa maji. Mlango wake wa kutokea ni kahawa yenyewe.

Hapo ndipo wanaosubiri wanapopata hoja. Tuseme silinda hubeba mililita 45, na kahawa ni gramu 15, ambayo hunywa maji karibu sawa na uzito wake. Ukikandamiza mara moja, hizo mililita 15 zinazonywewa zinatoka ndani ya silinda. Kikombe hakifiki hata mililita 30 kwa sababu ya ile hewa. Ukisubiri matone ya kwanza, boila hufidia kilichonywewa, hewa nayo imeshatoka, na kikombe hukaribia 45. Wengi huona tofauti hii wakailaumu mashine ya kusagia!

Wasiosubiri nao hawasemi ovyo. Kikombe kikubwa kwa kahawa ileile ni kikombe chepesi, na anayependa espreso nzito hana haja nacho. Halafu maji yanayongoja kwenye chuma ambacho hakijapata moto vizuri hupoa. Kahawa iliyokaangwa sana huachia ladha upesi, kwa hiyo kuiloweka muda mrefu huongeza uchungu tu. Iliyokaangwa kidogo ni ngumu, husagwa laini zaidi, na ikikutana na bari 9 za kukandamiza ikiwa kavu maji hujichimbia mifereji. Hiyo nitaisubiri bila kinyongo.

Kuna wanaotafuta maji zaidi kwa kushusha wenzo nusu na kuuinua tena. Hila hiyo siipendi. Pistoni inapopanda hufyonza, na kahawa iliyokwisha kulowa na kushikana hunyanyuka ikapasuka; kinachofuata ni maji kupita kwenye nyufa. Ni afadhali kupunguza gramu mbili za kahawa na kuinua wenzo taratibu.

Mimi hutazama chini ya kichujio, si saa. Matone matatu manne yakitokeza, naanza kukandamiza. Kahawa ikiwa imekaangwa sana, sisubiri hata hayo.