Rust na madirisha ya kompyuta: kitufe ndicho kilicho rahisi

System76, kampuni ya Marekani inayouza kompyuta za Linux, ilikuwa ikiirekebisha GNOME, mazingira ya mezani (madirisha, menyu na paneli) yanayotumika sana kwenye Linux, ili ifanane na matakwa yake. Mwishowe ikaamua kuandika mazingira yake ya mezani, COSMIC, kwa lugha ya programu ya Rust. Haikuegemea maktaba kongwe za kujengea madirisha, yaani GTK iliyoandikwa kwa C, wala Qt ya C++. Ilichukua Iced, maktaba changa ya Rust, ikajenga juu yake. Hapo ndipo ubishi unapoanzia: kuna haja gani ya kuanza upya, na GTK na Qt zipo tangu miaka ya 1990?

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Programu yenye madirisha huunda na kuvunja vitu kila wakati, na katika C ni rahisi kuendelea kukigusa kitu ambacho kumbukumbu yake imeshaachiliwa. Kompaila ya Rust, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, hukataa makosa ya aina hiyo kabla programu haijawaka. Unaweza kuiita GTK kutoka Rust kupitia gtk-rs, daraja la kuunganisha Rust na GTK, na inafanya kazi vizuri tu, ila ulinzi huo unaishia mpakani. Ng'ambo ni C ileile.

Tatizo ni kwamba Rust haipatani na mtindo wa zamani wa kujenga madirisha. Chukua kitufe kinachoongeza hesabu kwenye lebo. Kitufe kinashika funksheni, funksheni inataka kuibadili lebo, lebo ni mali ya dirisha, na dirisha hilohilo ndilo linalomiliki kitufe. Rust inataka kila kitu kiwe na mwenyewe mmoja, na anayekibadili kwa wakati mmoja awe mmoja tu. Mwandishi akibanwa hukimbilia njia ya kukipa kitu kimoja wamiliki wengi, Rc<RefCell<T>>. Kompaila inanyamaza, ukaguzi unahamia wakati wa kuendesha, na sehemu mbili zikigombea kubadili kitu kimoja programu inaanguka mbele ya mtumiaji. Iced inakwepa mtego huo kwa kufuata mtindo wa Elm, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti: kitufe hakigusi kitu, kinatuma ujumbe, funksheni moja inabadili hali, nyingine inaeleza upya sura ya dirisha. Kwangu mimi, dai kwamba Rust haifai kwa madirisha lilishajibiwa hapo.

Kilichobaki ni kigumu zaidi, na mashabiki wa Rust hukipita haraka. Kitufe kilichochorwa na kadi ya picha, kwa mtu asiyeona anayetumia NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, hakipo. Lazima maktaba iiambie Windows kupitia UI Automation, Linux kupitia AT-SPI, na macOS kwa njia yake, kwamba hapa kuna kitufe, kinaitwa "Hifadhi", na ndicho kilichochaguliwa sasa. Mradi wa AccessKit umejitwika mzigo huo, na egui na Slint, maktaba nyingine za madirisha za Rust, zinautumia. Bado kuna maandishi: Kiarabu kinachoanzia kulia na kuunganisha herufi, Kijapani kinachoandikwa kwa kuchagua herufi kwenye kidirisha kidogo kabla ya kuthibitisha. Qt imeyahangaikia haya miaka mingi. (Wanaosema Iced si asilia kwa sababu inajichorea vitufe wasisahau kwamba Qt nayo hujichorea vyake.)

Tauri, zana ya kujenga programu za mezani kwa Rust na teknolojia ya wavuti, inakwepa yote kwa kutumia kivinjari kilichomo tayari kwenye mfumo, bila kubeba kivinjari kizima cha Chromium kama inavyofanya zana mwenzake, Electron. Ni busara, lakini sura ya programu ni ya wavuti.

Kwa zana za ndani ya ofisi, egui inatosha. Kwa programu ya umma kwenye Linux ningechukua gtk-rs. Kwa mifumo yote, Slint, baada ya kusoma leseni yake. Kujiandikia maktaba yako ni kwa walio na timu ya kuilisha, kama watengenezaji wa Zed, kihariri cha msimbo, walivyoiandika maktaba ya GPUI kwa ajili ya kihariri chao. Druid, maktaba nyingine ya Rust, ilisimamishwa watunzaji wake walipohamia mradi mpya wa Xilem, na waliokuwa wameijengea programu zao wakabaki na maktaba isiyoendelezwa tena.