Nilivyosherehekea miaka 50 ya ndoa na mama mkwe

Kwanza nieleweke: nina miaka 47. Mvi zangu ni za ukoo, baba yangu alikuwa nazo kichwa kizima akiwa na 35, wala hakuna aliyemwita babu kabla ya wakati wake. Naanza na hili kwa sababu kuna picha inazunguka kwenye simu za ndugu, na maswali yamekuwa mengi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Ana miaka 66, anapika kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na kwa sababu hiyo kumpeleka akale nje ni sawa na kumpeleka fundi cherehani dukani kwa nguo zilizokwisha kushonwa: hanunui, anakagua mishono. Lakini mke wangu alishaamua. Mama apumzike jiko. Mimi nitangulie naye pale mgahawani, kona ya mtaa wetu, yeye ampitie mtoto mazoezini kisha watukute. Baba mkwe akakataa kutoka. Ana msimamo wake wa siku nyingi kwamba hali chakula cha mtu asiyemjua jina.

Mgahawa wenyewe ni mdogo, meza hazifiki 15, na Jumapili wanapika kile wanachokiita branchi. Njiani mama akaniuliza branchi ni nini. Mkwe akikuuliza kitu unachokijua, hiyo ni nafasi, usiichezee. Nikamweleza kwamba ni neno la Kiingereza, wamelishona kutoka kifungua kinywa na chakula cha mchana, na kwamba mwaka 1895 Mwingereza mmoja, Guy Beringer, aliandika makala nzima kulitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyekesha Jumamosi asiteswe kuamshwa mapema Jumapili, bali aachwe alale, akiamka ale mlo mmoja wa kueleweka.

Mama akaenda hatua kama kumi kimya.

"Kwa hiyo ni chai ya watu waliochelewa kuamka."

"Ndiyo, mama."

"Sisi tumeamka saa kumi na moja."

Kweli tupu. Na tangu saa kumi na moja hatukutia kitu kinywani, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemshauri aache nafasi tumboni.

Mlangoni tukakuta foleni. Binti mmoja mhudumu, sidhani kama alifika miaka 20, akanipa kadi ya plastiki yenye namba 9 na kunieleza kwa kasi ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara mia tangu asubuhi: namba 1 hadi 8 ni za waliopiga simu mapema, kuanzia 9 ni sisi tuliokuja kwa miguu yetu na matumaini. Kahawa iko pale kwenye chupa, ni bure kwa wanaosubiri.

Sasa, neno bure na tumbo tupu havitakiwi kukaa sehemu moja. Tulisubiri dakika 50 na mimi nikanywa vikombe 6. Baadaye nimesoma kwamba kikombe kimoja cha mililita 240 kina miligramu 95 hivi za kafeini, na kwamba mtu mzima mwenye afya anashauriwa asivuke 400 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Mimi siku ile nisingeweza, maana kufikia kikombe cha tano nilikuwa nasikia kucha zangu zikikua. Kadi iliyokuwa mkononi ilikuwa inagonga pete yangu ya ndoa, ka-ka-ka-ka, mpaka watu wa mbele wakageuka.

"Unaumwa, baba?" mama akaniuliza.

"Hapana, mama. Ni furaha tu ya kuwa na wewe."

Ndipo binti akatokea mlangoni akaita, "Namba 6!"

Kimya. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Nikaitazama kadi yangu, na kwa namna nilivyokuwa nimeishika ilikuwa inasema 6. Nitakuwa mkweli hapa kwa sababu mke wangu atasoma: wenye mgahawa walikuwa wamechora kistari chini ya ile 9 ili mtu asije akachanganya, na kistari hicho nilikiona. Kilikuwa juu ya namba, kimekaa kama kofia. Lakini wakati huohuo, kupitia dirishani, mtu alipitishiwa sahani ya pankeki tatu, kipande cha siagi kinateleza polepole kutoka juu kwenda ukingoni, na shira inakifuata nyuma. Tumbo likaamua kwamba kistari ni pambo.

"Ni sisi!" nikasema.

Uso wa binti ukachanua. "Karibu BABU! Karibu BIBI!" Sauti aliyoitumia ni ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akanishika kiwiko. "Taratibu, babu, hapa kuna ngazi. Moja tu. HIVYO HIVYO." Ningempinga, lakini mikono ilikuwa inatetemeka kama ya mtu wa miaka 90, sasa ushahidi ningeutoa wapi?

Tukaketishwa meza ya dirishani. Kitambaa cheupe, maua katikati, na mto mdogo kwenye kiti changu kwa ajili ya mgongo. Mama akatazama huku na huku akaridhika. "Hapa wanaheshimu watu," akasema. Hilo lilikuwa neno lake zuri la mwisho kwa siku hiyo.

Menyu hatukuletewa. Nilidhani ndivyo branchi inavyokuwa, unakaa tu na chakula kinakujia. Na kweli kikaja. Supu ya kuku iliyosagwa hadi ikawa uji. Viazi vya kuponda. Makaroni yaliyozama ndani ya jibini, yameiva mpaka yamesahau umbo lao. Mkate wa kuchoma uliokatwa kingo zote. Juisi yenye mrija. Nikamweleza mama kwamba hivi ndivyo vyakula vya kumliwaza mtu, laini, vya moto, vinavyokurudisha utotoni. Akakorogakoroga supu kwa kijiko.

"Utotoni kabla ya kuota meno," akasema. "Mimi yangu nimekuja nayo yote."

Kisha yakaja mayai. Yai limechemshwa bila ganda, limekaa juu ya mkate kama mto mweupe, na juu yake mchuzi wa manjano wa viini na siagi. Mama akalikaribia kama daktari. Akalibonyeza kwa mgongo wa uma, likacheza. Akalipasua kidogo pembeni, kiini kikatoka kizito, kikashuka taratibu hadi kwenye sahani. Akaonja mchuzi kwa ncha ya ulimi. "Wametia limau. Na maji ya yai wameyatia siki ili ute usitawanyike." Nikavuta pumzi, nikidhani ni sifa. "Lakini mchuzi wameupitisha moto," akaendelea, "angalia siagi inavyojitenga pembeni." Ilikuwa inajitenga kweli, viduara vidogo vya mafuta vinang'aa. Ni mchuzi wa roho nyepesi huo, ukizidisha moto kidogo tu viini vinashikana na siagi inakwenda zake. Mama hajawahi kuupika maishani. Aliona tu.

Binti akarudi, akaniinamia sikioni. "SHIRA TUMETIA KIDOGO SANA, BABU. WATOTO WENU WALITUELEZA HABARI YA SUKARI."

Mama akaacha kutafuna, ingawa hapakuwa na cha kutafuna. "Watoto wetu?"

Nina mtoto mmoja. Ana miaka 8. Habari ya sukari anayoijua ni mahali tunapoificha. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo hapo, akageuza kadi yake, akaomba radhi. Mimi nilikuwa na miligramu 570 za kafeini na makaroni nusu sahani. Nikasema, "Nadhani anamaanisha watoto kwa ujumla, mama."

Binti akajiziba mdomo kama aliyetoboa siri, akakimbilia jikoni.

Taa zikazimwa. Ilikuwa saa tano asubuhi, kwa hiyo hazikuleta tofauti yoyote, ila wote wakageuka. Mlango wa jikoni ukafunguka, wakatoka wahudumu wote wakipiga makofi na kuimba hongera, mpishi na aproni yake nyuma, na mbele yao keki. Juu ya keki mshumaa wa 5 na mshumaa wa 0, na pembeni maandishi ya krimu: Hongereni kwa miaka 50 ya ndoa.

Nikazisoma namba zile mara mbili. Maana yake nilioa miaka mitatu kabla sijazaliwa. Nilioa mama mkwe.

Nilitarajia mama azimie kwa aibu. Hakuzimia. Alinisogelea akasema kwa meno yaliyofungwa, "Hamsini? Huyu binti ananiona mimi nina umri gani?" Katika mambo yote yaliyokuwa mezani pale, hilo ndilo lililomuuma.

"Mama," nikaanza, nikiinuka kueleza, "mama, nisamehe..."

Meza ya jirani ikayeyuka. "Mmemsikia? Anamwita Mama! Miaka 50 na bado anamwita Mama!" Mwanamke mmoja akafuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Kadiri nilivyozidi kusema "huyu ni mama, jamani, ni mama," ndivyo mgahawa ulivyozidi kunipenda. Kisha yakaanza makofi ya vijiko mezani, na sauti moja: "Amlishe! Amlishe! Amlishe!"

Binti akanishikisha kisu, akaniongoza mkono kama tunakata mkate wa mtoto. Kipande kikakatika upande wa kulia. Simu ya mpishi ilikuwa juu, inapiga picha.

"Nilishe yaishe," mama akasema bila kusogeza midomo.

Nikachukua kipande kwa uma. Umbali kati yangu na kinywa cha mama mkwe haukuzidi nusu mita, lakini ule mkono haukuwa wangu tena, ulikuwa wa kahawa. Jaribio la kwanza likapita sikioni. La pili likatua puani, krimu ikabaki pale imesimama vizuri. Watu wakashangilia.

Hapo ndipo mlango ukafunguka.

Akaingia mke wangu na mtoto. Nyuma yao mzee mwenye fimbo na bibi mdogo mdogo aliyevaa vizuri sana, na nyuma yao kundi la wana na wajukuu waliokwisha kunyanyua simu tayari kurekodi mshangao. Wakaurekodi. Mmoja wao alikuwa anamwambia mtu wa mlangoni, "Sisi ndio namba 6."

"Baba anamlisha bibi keki," mwanangu akatangaza, kwa wale ambao hawakuwa wameona.

Mke wangu hakusema kitu. Ana namna yake ya kutosema kitu. Binti mhudumu akanitazama mimi, akamtazama mzee mwenye fimbo, akachukua kadi yangu pale mezani. Akaigeuza taratibu. Kistari kikashuka mahali pake.

Nikaeleza. Nadhani nilieleza, kwa kasi ile ya kafeini inawezekana nilieleza yote kwa sekunde nne. Mzee akaja akiburuta fimbo, akainama juu ya keki. Kipande changu kilikuwa kimeondoka na ile 0 yote. Iliyobaki ilikuwa 5 peke yake, imeinama kidogo.

"Mke wangu," akaita, "hawa wametuachia mitano."

Bibi akaja akatazama. "Afadhali," akasema. "Ndiyo ilikuwa mizuri."

Wakakaa nasi. Viti vikaongezwa, supu ikaletwa nyingine, na wana wao wakakataa katakata nisilipe, wakasema video peke yake imezidi thamani ya chakula. Mama mkwe na yule bibi wakaelewana kwenye suala la mchuzi mpaka mpishi akaitwa kutoka jikoni kuja kuhojiwa. Mke wangu alikaa upande wa pili wa meza, mbali, na kila nilipomtazama alikuwa anatazama maua. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia.

Hiyo ni wiki tatu sasa. Picha aliyoipiga mpishi wameiweka kwenye fremu karibu na kaunta, mimi na uma, mama na krimu puani, na chini wameandika "Wazee wetu". Nimeomba waitoe, wamesema wateja wanaipenda. Mbaya zaidi, nakala imemfikia baba mkwe. Hakukasirika. Aliitazama muda mrefu, akaivuta kwa vidole kuikuza, akauliza kama keki ilikuwa nzuri.

Jana akanipigia kwamba Jumapili ijayo anakuja, anataka akae na mkewe meza ileile ya dirishani. Nikamwambia baba, pale foleni ni ndefu sana. Akasema nisijali, ameshapiga simu mwenyewe, jina la mpishi ameshalijua, na wamempa namba 6.