Manowari iliyokaa nangani: HMS London huko Unguja

Ni rahisi kuicheka HMS London. Ilikuwa manowari ya mbao yenye mizinga 90, iliyoshushwa majini mwaka 1840. Iliipiga bandari ya Urusi ya Sevastopol mwaka 1854 ikiwa bado ya matanga, ikatiwa mashine ya mvuke 1858, kisha 1874 ikaletwa Unguja kukaa nangani miaka kumi, hadi ilipouzwa. Chombo kisichokimbiza mtu kingezuiaje biashara ya watumwa?

Anayeuliza hivyo hajatazama ramani. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na mashamba yake yakadai watu zaidi. Mkataba wa 1873 ulimfungia Sultani Barghash mlango wa kusafirisha watumwa baharini, lakini Pangani na Pemba zinatazamana. Kwenye mikoko na vijito vile manowari ya mbio ingefanya nini? Kazi ilikuwa ya mashua ndogo, nazo zilihitaji pa kuchukulia chakula na makaa, pa kutengenezewa, na pa kulaza wagonjwa wa homa; London ndiyo iliyokuwa pahali hapo.

Halafu kuna bakshishi, ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Mabaharia wa Uingereza walilipwa kwa kila mtumwa aliyeokolewa, au kwa tani za jahazi lililokamatwa. Miaka ya 1860 manowari za doria zilichoma majahazi mbali na pwani, wakamataji wakipima tani wenyewe, na mengine yalikuwa ya biashara halali. Mshitaki, shahidi na mpimaji ni mtu mmoja, tena ndiye anayelipwa! London ilikaa jirani na mahakama ya balozi John Kirk. Jahazi lingeweza kuvutwa hadi pale na nahodha akajitetea. Tamaa haikuisha, ila kudanganya kulikuwa kugumu zaidi.

Wapinzani nao wana lao. Majahazi mengi yalipenya usiku, na yenye bendera ya Ufaransa Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kuyapekua. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa London aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia moja la namna hiyo. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897.

Hoja yao nzito zaidi ni kwamba manowari hii iliufungulia ukoloni mlango: Luteni Lloyd Mathews alitoka London mwaka 1877 kuunda jeshi la Barghash. Mwaka 1891, Unguja ikiwa tayari chini ya himaya ya Uingereza, aliwekwa kuongoza serikali ya Sultani. Hapo sina utetezi, ingawa uamuzi huo haukutoka kwenye mashua za Pemba.