Nilivyomkataa mbuzi wa mama mkwe kwa jina la Budha

Wakuu kabla hamjanianza niweke sawa jambo moja, mimi sijabadili dini. Jumuiya nipo, zaka natoa nikikumbushwa, na mke wangu mama Glory ananikumbusha kuliko hata mwenyekiti wa jumuiya mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba nilisikia neno zuri nikaondoka nalo, na mimi ni Mpare, kitu kizuri cha bure hatukiachagi njiani.

Kazi yangu ni kupandisha wageni mlima Kilimanjaro. Mwishoni mwa Novemba nikapata mgeni dokta wa Sri Lanka, mtu mzima, Mbudha, tukapanda njia ya Machame. Mpole huyo mzee sijawahi ona. Wageni wengine mkifika Shira tu wameshaanza choo kichafu, supu imepoa, mpishi kazidisha tangawizi, yeye anajikalia kwenye jiwe kafumba macho. Wagumu, yaani wabeba mizigo wetu, wakanijia mbio, kiongozi mgeni wako anazima huyu, nikachukua kale kamashine ka kidole nikampima oksijeni, aisee ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Sasa tulipofika kambi ya Karanga ndio mambo yakaanza. Wanaopanda wanajua, Karanga ndio maji ya mwisho, kutoka pale mpaka kambi ya Barafu hakuna mto, maji yote ya kupikia na kunywa yanabebwa. Mpishi na mgumu mmoja wakagombana nani abebe dumu, matusi yakatoka mle ndani ya hema la jikoni mpaka Wajerumani wa kundi la pili wakatoka na tochi za kichwani kuangalia. Dokta akasubiri wakatulia, akaniita, akanihadithia.

Kwamba kulikuwa na jamaa mmoja wa tabaka la makuhani kule India, ukoo wa Bharadvaja, ndugu wa ukoo wake kaenda kuingia utawa kwa Budha, jamaa akawaka, akamfuata Budha akamporomoshea matusi yote anayoyajua. Budha kamsikiliza mpaka mwisho halafu akamuuliza, wewe huwa unatembelewa na wageni? Natembelewa. Unawaandalia chakula? Nawaandalia. Wasipokipokea kinakuwa cha nani? Kinabaki changu. Budha akamwambia basi na haya matusi yako mimi siyapokei, baki nayo, ni yako. Na mwisho wa hadithi yule mtukanaji na yeye akaingia utawa hukohuko.

Nilipigwa na butwaa. Mimi na ndoa yangu yote ile hakuna aliyewahi kunipa jibu la namna hiyo, wala yule padri wa semina ya wanandoa. Njia nzima ya kushuka Mweka nikawa namchimba tu dokta, akanipa kanuni tano wanazoshika waumini wa kawaida, usiue, usiibe, usizini, usiseme uongo, usitumie vilevi. Akanifundisha metta, unakaa kimya unawatakia watu heri mmoja mmoja. Akanigusia pia kwamba aliwahi kwenda sehemu wanakaa siku 10 bila kuongea neno na mtu. Hiyo ya mwisho sikuifuatilia sana. Tipu akanipa nzuri mno, tukaagana.

Nafika nyumbani Pasua, Moshi, hata begi sijashusha, mama Glory huyo. Gesi imeisha, mwenye nyumba kapita, Glory anadaiwa rimu shuleni, na mimi naingia na mabuti ya matope kwenye sebule aliyotoka kudeki sasa hivi. Nikavuta pumzi. Nikamwambia kwa upole, mama Glory, ukiandaa chakula mgeni asikile, kinabaki cha nani?

"Chakula kipi? Nani kakupikia?"

Mfano ukagoma hapohapo maana kweli siku hiyo jikoni palikuwa hamna kitu. Nikaamua kwenda moja kwa moja, nikasema hayo maneno yako mimi siyapokei, baki nayo. Akanyamaza. Wakuu alinyamaza jioni nzima, nami nikajua dawa imeingia. Nililala vizuri sana, kwenye kochi lakini vizuri.

Asubuhi akaniletea chai, kaa hapa. Hayo maneno ya jana umeyatoa wapi? Nikamwambia kwa Budha. Alikuwa na mke? Nikasema ndio, anaitwa Yasodhara. Waliishije? Hapo kanuni ya nne ikanibana, uongo hauruhusiwi, nikaeleza ilivyo, kwamba alikuwa mtoto wa kifalme, alipofika miaka 29 akaondoka usiku mkewe kalala, na mtoto wao Rahula ndio kwanza kazaliwa. Mama Glory akaweka kikombe chini taratibu. "Kwa hiyo umeenda kujifunza ndoa kwa mtu aliyetoroka uzazi."

Nikataka kueleza kwamba baadaye alirudi, na mtoto akaingia utawa, na mama pia akaja kuingia, lakini naona niliharibu zaidi maana alisikia tu kwamba familia nzima iliishia kuhama nyumba.

Basi. Jumamosi moja asubuhi mama Glory kaenda Mbuyuni sokoni, watoto wapo nje, nikakaa kwenye mkeka nifanye metta. Ina mpangilio wake, unaanza kujitakia heri wewe mwenyewe, hapo hamna shida kabisa, nilikaa hapo muda mrefu. Halafu mtu aliyekutendea wema, nikamuweka dokta na ile tipu. Halafu mtu baki, ambaye huna urafiki naye wala ugomvi, nikamuweka mangi wa duka la kona, nikakumbuka ananidai unga, nikamtoa nikamuweka konda wa Noah za Kibosho. Halafu sasa unakuja kwa mtu anayekupa shida moyoni. Hapo sikufikiria mara mbili, nikamuweka mama mkwe. Huyu mama tangu nimemuoa binti yake kila nikikanyaga kwao Kibosho anauliza yale mablanketi ya mahari, na kila akiuliza anatabasamu, ndio kinachoniumiza.

Naendelea vizuri, mama uwe salama, mama uwe na furaha, mama moyo wako upoe, mara simu inaita. Mama mkwe mwenyewe! Nywele zilinisimama nikajua hii kitu inafanya kazi.

Sasa elewa mazingira. Yeye yuko kihambani, kwenye shamba la ukoo kule juu ambako mtandao unategemea migomba imelalia upande gani. Mimi hapa ukuta wa pili kuna fundi wa kuchomelea mageti kaanza kukata chuma. Nilichosikia mimi ni hiki: "Baba Glory... mbuzi... wewe... mkubwa hivyo... kazi kula na kulala tu... mbuzi..."

Mimi! Mtu niliyetoka juzi mita 5,895 na mgeni salama mkononi, naitwa mbuzi, kula na kulala! Damu ikachemka, halafu ikapoa yenyewe, nikasema aah, mtihani ndio huu. Dokta alinifundisha kwamba maneno mema yana masharti yake, yawe kwa wakati wake, yawe kweli, yawe ya upole, yawe na faida, yatoke kwenye moyo wa upendo. Nikatengeneza sauti kama ya mtangazaji wa redio ya kanisa.

"Mama, nashukuru sana, ila kwa kweli mimi hiyo siipokei. Baki nayo tu, ni ya kwako."

Kimya. "Unasema humpokei?"

"Siipokei mama. Na nakutakia amani."

Simu ikakatika. Nikarudi kwenye mkeka nikamalizia. Nilijisikia mwepesi jamani, sijui hata niseme nini.

Mama Glory alirudi kabla hata bodaboda haijazima injini vizuri, mfuko wa mboga mkono mmoja, simu sikioni, uso sijawahi kuuona.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Nimemtumia metta."

"Umemtumia shilingi ngapi?"

Ndio nikaja kuambiwa kilichosemwa. Kwamba baba Glory, yule mbuzi niliyewafugia kwa ajili ya ubatizo wa mtoto, wewe hujamuona siku hizi, mkubwa hivyo, kazi kula na kulala tu, mje mumchukue mbuzi wenu kabla ya Krismasi. Bibi wa watu kakata majani miezi yote hiyo kwa mikono yake, mkwe anajibu siipokei, baki naye, amani.

Grupu la WhatsApp la ukoo likalipuka. Shemeji wa Mwanza, shangazi wa Dar, wote wanajua. Kilichowashtua zaidi sio hata dharau, shangazi aliuliza wazi kabisa, Mpare kakataa kitu cha bure, mmempima huyo? Wengine wakashauri niletewe padri. Nikaitwa kikao Jumapili baada ya misa ya pili.

Nimefika Kibosho nimevaa shati la mikono mirefu, nimesalimia shikamoo mpaka kwa watu ninaowazidi umri. Ukoo umekaa chini ya mparachichi, baba mkwe kwenye kigoda chake pale mlangoni, mjomba ndio mwenyekiti. Kabla ya neno lolote kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikaanza kuzunguka kama ilivyo desturi. Ikanifikia. Nikakumbuka kanuni ya tano.

"Mimi naomba maji."

Najua mnachofikiria. Hata mama Glory alinikanyaga mguu. Lakini ndio nilikuwa na wiki chache kwenye hizo kanuni na nilikuwa naziheshimu. Mjomba akageukia wenzake, mmesikia, juzi mbuzi leo mbege. Kuna mzee akanong'ona kumbe amekuwa Msabato, mwingine akamjibu hapana, Wasabato mbuzi wanapokea.

Nikasimama kujieleza. Nikaeleza mtandao, nikaeleza fundi wa kuchomelea, nikaeleza Budha ni nani, mtu aliyefundisha India miaka zaidi ya 2,400 iliyopita, nikaeleza chakula cha mgeni. Nikaona wanaanza kunielewa, mjomba anatikisa kichwa vizuri, mpaka mama mkwe akauliza kwa ile sauti yake ya mablanketi, "na huyo Budha wako, kwa wakwe zake alikuwa anaishi nao vipi?"

Hapo ndipo ningesema vizuri tu mama, nikakaa. Lakini kanuni ya nne wakuu. Na hadithi naijua, dokta kanihadithia tukiwa Mweka. Nikasema kwa kweli baba mkwe wake, Suppabuddha, alikuwa na kinyongo kwa sababu binti yake aliachwa. Siku moja akanywa pombe akakaa katikati ya njia Budha asipite.

"Ikawaje?"

"Siku ya saba ardhi ikammeza."

Nikageuka. Baba mkwe yuko pale mlangoni, kakaa katikati ya njia, kata ya mbege iko mdomoni.

Hakuna aliyepumua. Kata ikashuka pole pole. Mama mkwe akapiga ishara ya msalaba. Mjomba akaniuliza, "kijana, unamuapiza mkweo kwenye kihamba chake?" Nikasema hapana ni masimulizi tu, yako kwenye vitabu vyao, mzee mmoja akasema ndio, na tarehe katupa kabisa, siku ya saba. Baba mkwe mwenyewe hakusema kitu, alisogeza tu kigoda pembeni ya mlango.

Hukumu ikapita haraka. Nilete beberu mmoja mwenye sale shingoni. Kwa msiojua, sale ni lile jani ambalo Mchaga akiletewa na mkosaji hatakiwi kukataa kusamehe, hata kama kosa ni zito kiasi gani. Pamoja na debe la mbege, na wa kwanza kuonja niwe mimi. Yaani nimekataa mbuzi wa bure ili nikanunue mbuzi, mwezi wa 12, Moshi, wakati Wachaga wote wa Dar wameshuka na hela. Tipu ya dokta iliishia pale mnadani, na muuzaji hakupunguza hata mia.

Siku ya kupeleka nikakuta wameshanoa kisu, wananipa mimi. Kanuni ya kwanza. Nikajidai tumbo linaniuma, shemeji akachinja, nikaenda nyuma ya zizi nikamwandikia dokta, nimekwepa kisu kwa kusema tumbo linaniuma, je mbuzi huyu naweza kumla? Akajibu kwamba watawa wao hawali nyama kama wameona, wamesikia au wanashuku mnyama kachinjwa kwa ajili yao. Nikamwandikia mimi nimeona, nimesikia, na risiti ya mnada ninayo. Akatuma vikaragosi vya kucheka mstari mzima, akasema hiyo ni sheria ya watawa, wewe ni mwongoza wageni, kaa na wakwe zako. Lakini kuhusu kuchinjwa sema ukweli, tumbo linakuuma? Sikumjibu.

Wakati huo mama mkwe kanifuata na bakuli la kisusio, supu ya damu ya mbuzi, linatoa moshi. Kasimama mbele yangu na lile tabasamu. "Baba Glory, hii unaipokea au nibaki nayo?" Nilipokea kwa mikono miwili, nikanywa, nikaongezwa, nikanywa tena, na ile mbege nikaionja kiasi kwamba kuonja kwenyewe kulichukua mchana wote.

Jioni tunasubiri Noah ya kushuka mjini, nimelala lala pale kwenye benchi, nikasikia mama Glory anarekodi sauti kwenye simu yangu, anamtumia dokta, na mimi nikajikausha nimsikie. Anasema dokta shikamoo, mimi ndio mke, asante kwa mafundisho, hayo ya kutopokea na hayo ya baba mkwe naomba uishie hapohapo, ila baba Glory aliniambia kuna sehemu watu wanakaa siku 10 hawaongei, hiyo tunaitaka, hata kama ni mbali wewe tuambie.

Mama mkwe kwa nyuma akadakia, muulize na nauli ni shilingi ngapi, yule mbuzi wa ubatizo bado ninaye.