Mmechagua Ndevu, Siyo Mpira

Kwenye majaribio ya vijana, namba 147 alicheza dakika nane. Najua kwa sababu niliwasha saa ya simu tangu filimbi ya kwanza, na simu yangu haina sababu ya kunidanganya. Dakika nane, kisha mtu mwenye daftari akanyoosha kidole: "Wewe mdogo, toka. Aingie mwingine."

Namba 147 ni mpwa wangu.

Haya, semeni. Mjomba ana uchungu wa damu, lazima alalamike. Ni kweli nina uchungu wa damu, na uchungu wa elfu tano ya fomu, na uchungu wa nauli ya watu wawili kutoka Igogo hadi Igoma na kurudi. Lakini mpira wa Mwanza nimeuangalia tangu nikibebwa mabegani pale Kirumba enzi za TP Lindanda, yaani Pamba yetu, na macho yangu bado hayajaomba miwani.

Timu iliyoitisha majaribio sitaitaja. Si Pamba, kabla hamjaanza kuulizana, na wala si ya mkoa wetu. Walikuja Jumamosi kwenye kiwanja cha vumbi, wakaita vijana chini ya miaka 17, wakajaa zaidi ya 200. Kila mmoja akaandikwa namba mkononi kwa makapeni nyeusi kama gunia la dagaa linalosubiri lori. Maji hawakuletewa. Makipa walikuwa kumi na kitu na walisimama golini kwa zamu ya dakika tano tano, ambapo wengine hawakupigiwa shuti hata moja. Haya nayaacha, maana nikianza nayo sitafika ninakotaka kufika.

Mpwa wangu anatumia mguu wa kushoto. Wakampanga beki wa kulia. Sawa. Aligusa mpira mara nne. Mara ya tatu ndiyo nataka muione. Kipa alipiga mpira wa juu, mbovu, unakuja umezunguka. Dogo kabla haujafika aligeuza shingo kushoto, akageuza kulia, akajua nyuma kuna nani. Akaushusha kwa paja, haukuruka hata shibri moja, akampita wa kwanza kwa kugusa tu, akatoa pasi ya chini ambayo ilimkuta winga mguuni. Ndipo likatokea jitu kwa nyuma, limechelewa, likampiga bega. Mtoto akaenda hewani, akatua kwa kiwiko. Filimbi kimya. Mwenye daftari akaandika kitu. Nilijua anaandika nini, na sikukosea: aliandika namba ya lile jitu.

Sasa tuzungumze kuhusu hilo jitu, kwa heshima, maana na yeye ni mtoto wa mtu. Yule kijana wa chini ya miaka 17 alipoenda kununua maji pembeni, mama muuzaji alimwamkia. Nilisikia kwa masikio yangu: "Karibu kaka, shikamoo." Na kaka akaitikia marahaba bila kutetereka.

Nilimfuata mwenye daftari walipopumzika.

"Mwalimu, habari za kazi."

"Nzuri, kaka yangu."

"Yule 147 mmemwonaje?"

Akafungua daftari, nikampa pongezi moyoni kwa kufungua. "Ana mpira huyu. Ila mwili hana. Akue kwanza."

"Akikua mtakuja kumtafuta?"

Akacheka. Hakuwa mtu mbaya. "Kaka, sisi ligi inaanza. Nahitaji mtu wa kucheza sasa hivi."

Basi ungeandika hivyo kwenye tangazo, mwalimu. Ungesema natafuta mbeba mizigo wa msimu mmoja. Wewe ulisema unatafuta vipaji vya kesho, ukawapima kwa mwili wa leo.

Niwape stori ambayo haina uhusiano, halafu mtaona uhusiano wake. Nimewahi kufanya kazi miaka miwili mgodini upande wa Kahama, na walikuwepo Wakanada. Hao watu mpira wetu hawaujui kabisa, wao ni hoki ya barafuni. Usiku kantini wanabishana kuhusu vijana wa timu zao kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga. Kila mwaka timu za ligi yao kubwa, ile NHL, zinakaa zinachagua vijana wa miaka 18 kwa zamu. Wanaita drafti. Mwanzoni nilidhani wanazungumzia drafti ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe, nikasema hawa nao wana mambo. Timu 32, raundi saba, vijana 224. Kila kijana ameshaangaliwa mechi nyingi na maskauti, wasaka vipaji wa kulipwa, mji hadi mji, baridi inayopasua midomo.

Na bado wanakosea vibaya sana!

Mwaka 1999 wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Patrik Stefan. Namba moja ya dunia nzima. Leo anakumbukwa zaidi kwa video ya 2007, yuko peke yake na goli tupu, akashindwa kufunga, akaanguka, na wapinzani wakaenda kusawazisha upande wa pili. Mwaka huohuo wa 1999, timu ya Detroit walimchukua Msweden Henrik Zetterberg akiwa mtu wa 210. Mia mbili na kumi! Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamemchukua Mrusi, Pavel Datsyuk, mtu wa 171, ambaye miaka iliyotangulia alipitwa tu kwa kuonekana kadogo. Mwaka 2008 hao wawili wakabeba pamoja Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, na Zetterberg akawa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Kuna mwingine, Martin St. Louis, sentimita 173, huyo hakuchaguliwa na mtu yeyote. Mwaka 2004 alibeba kombe na Tampa Bay na tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima.

Lakini kilichonikaa kichwani mpaka leo ni habari ya miezi. Mzee mmoja fundi mitambo ndiye aliyenisimulia. Kwao watoto wanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, Januari hadi Desemba. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley alikuwa ameketi kwenye mechi ya vijana huko Lethbridge, Kanada, mkewe akiwa anasoma kijitabu cha majina ya wachezaji. Mama akashtuka: mbona wengi wamezaliwa Januari, Februari, Machi? Wakaenda kuhesabu, ikawa kweli. Aliyezaliwa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima. Kwa watoto wa miaka tisa au kumi, mwaka mmoja ni kilo na misuli. Mwalimu anaona kipaji, anampa namba. Akipewa namba anacheza zaidi, anafundishwa zaidi, anakuwa bora kweli. Wa Desemba amekaa benchi anakata tamaa.

Utafiti mwingine ulitoka 2013 ukichambua drafti za miaka 27. Waliozaliwa Januari hadi Machi walikuwa asilimia 36 ya waliochaguliwa. Waliozaliwa Oktoba hadi Desemba, asilimia 14.5 tu. Lakini wale wachache wa nusu ya mwisho wa mwaka walikuwa na nafasi karibu maradufu ya kufikia mechi 400 au pointi 200, yaani mabao na pasi za mabao. Yaani maskauti wenye ndege na kompyuta waliwapita waliokuwa wazuri zaidi, kwa sababu ya miezi michache ya kuchelewa kuzaliwa.

Hiyo ni miezi, jamani. Na kule kila mtoto ana cheti kisichobishaniwa. Sisi kwenye majaribio yetu tuna watu waliozidiana miaka minne, mitano, na tunawaweka kiwanja kimoja tunasema aliyemwangusha mwenzake ana kipaji.

Kwa faida ya wanaopenda miezi: Mbwana Samatta alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992. Siku tisa zaidi tumboni angekuwa mtoto wa 1993. Yule mwenye bao la fainali ya Kombe la Ligi Uingereza 2020 ni mtoto wa mwisho kabisa wa mwaka wake.

Umri tunauchezea na tunajua tunauchezea. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za 2005 zilizokuwa Gambia, tukaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Fedheha. Mwaka 2017 ikageuka: Congo Brazzaville walitutoa uwanjani, wakaondolewa wao kwa suala hilohilo la umri, tukaenda Gabon. Siku ile tulishangilia haki kana kwamba ni sisi tuliovumbua haki. FIFA wanapiga picha mifupa ya kifundo cha mkono tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009, lakini nani atakuja na mashine hiyo Igoma? Hapa mashine ni jicho la mwalimu, na jicho lenyewe limependa mabega.

Kuna mtu atasema vijeba, hao waliozidi umri, nao wanatafuta maisha. Ni kweli, na sina neno. Huku kwetu mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa kwa sababu alikuwa anachunga, na wapo ambao hata wazazi hawakumbuki vizuri, wanakwambia alizaliwa mwaka wa ile mvua. Nakiri pia kwamba wapo wakubwa wanaojua mpira. Lile jitu, nikiwa mkweli, lilikuwa na shuti. Na mwalimu akifungwa mechi nne mfululizo anafukuzwa, hakuna mwenyekiti atakayemsikiliza akisema subirini watoto wangu wakue. Nimekubali. Tuendelee.

Tuendelee maana kuna kitu watu wa ziwa tunakijua kuliko watu wote, na tunakisahau tukifika uwanjani. Kamata sangara wa chini ya sentimita 50 uje naye soko la samaki la Mwaloni, uone utakavyojieleza. Sato wa chini ya 25, vilevile. Sheria haisemi huyo mdogo ni samaki mbaya. Inasema mwache, huyo bado anakuja. Mzee mvuvi asiyejua kusoma anaelewa kwamba ukimaliza wadogo hutakuwa na wakubwa. Kwenye mpira mdogo tunamtupa nchi kavu, tena tunamwambia akue akiwa hukohuko. Majaribio ya dakika nane ni kokoro tu, lile linalokokotwa hadi ufukweni. Linakomba kila kitu, linaondoka na kizito, linaacha vingine vinakufa mchangani.

Mnajua mpwa wangu ule mguso aliupata wapi? Kwetu Igogo tunaishi mlimani kwenye mawe. Kiwanja chao ni upana wa vyumba vitatu, jiwe huku, choo cha watu kule, na upande mmoja hakuna kitu, ni mteremko. Sheria yao ni moja: aliyeutoa mpira anaufuata. Kuufuata maana yake ni kushuka ngazi za mawe, kupita uani kwa bibi mmoja mkali mwenye fimbo, mpaka barabarani, halafu upande tena ukiwa unahema na wenzako wanakucheka. Ukifuata mpira mara tatu jioni moja, ya nne utajifunza kuutuliza. Hakuna mtoto wa pale anayebutua. Wote wanapiga pasi za chini, fupi, na wote wanageuza shingo kabla ya kupokea, kwa sababu wasipoangalia watagonga jiwe.

Huyo ndiye mtoto anayeingizwa kwenye kiwanja kikubwa, mpira unapigwa juu juu, anaambiwa akimbizane na baba wa familia.

Mwalimu, ungemwangalia mara tatu tu. Mara moja kwenye kiwanja kikubwa, mara moja nyumbani kwake, mara moja akiwa amefungwa na amekasirika, uone anafanya nini sekunde tano baada ya kupoteza mpira. Ungeuliza mama yake ana urefu gani, na baba je. Baba yake mpwa wangu anainama akipita mlango wa sebule yangu, lakini hakuna aliyeuliza. Ungewapanga watoto kwa vimo badala ya karatasi, wafupi na wafupi, warefu na warefu, ungeona mambo. Hayo hayahitaji pesa ya Wakanada, yanahitaji Jumamosi mbili za ziada.

Tangu Pamba warudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka 23, hakuna mtoto wa jiji hili asiyelala na daluga pembeni ya kitanda. Wanaojitokeza ni wengi kuliko zamani. Wanaowaangalia ni walewale, na daftari lilelile.

Kwenye daladala ya kurudi hakulia. Aliniuliza kitu kimoja: "Mjomba, ile pasi uliiona?" Nikamwambia niliiona. Akanyamaza mpaka stendi.

Jumapili mama yake alimwambia akasugue mkono kabla ya kwenda kanisani, akagoma, akavaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile. Ile 147 imefutika yenyewe Jumatano, imebaki nne kidogo. Kiwanja chao kiko juu kabisa, ukifika kwa bibi mwenye fimbo unauliza. Wanaanza saa kumi na moja jioni, kila siku, na hakuna fomu.